Edmund Morel, karani aliyeuza makala za biashara hadi akafichua siri ya mpira wa Kongo

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani wanaotoka chuo kikuu na diploma ya uandishi wa habari hawapati mshahara wa mwezi. Wanaishi kwa kuuza makala moja moja, leo kwa gazeti hili, kesho kwa redio ile. Ndio wale tunaowaita pigiste. Swali lao la kila siku ni nani atanunua makala. Kuna swali la pili ambalo linakuja nyuma yake: yule anayenunua anataka nini?

Miaka zaidi ya 120 iliyopita, karani mmoja wa kampuni ya meli huko Liverpool, Uingereza, alikutana na maswali hayo mawili. Jina lake Edmund Dene Morel. Wakongo wengi wanamjua kama mtu aliyepigana na mfalme Leopold wa Pili kwa ajili ya mpira wetu. Wachache wanajua kwamba alianza kuandika kwa sababu mshahara wake ulikuwa haumtoshi.

Mtoto wa mjane

Morel alizaliwa Paris mwezi wa saba mwaka 1873. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake Muingereza. Baba alikufa mtoto akiwa na miaka 4. Mama hakuelewana na ukoo wa mume wake, akabaki kumlea mtoto peke yake. Alifanya kazi ya ualimu ili aweze kumlipia shule za bweni Uingereza. Mama alipougua, kijana aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akarudi Paris kufanya kazi kwenye benki.

Mwaka 1891 alipata nafasi ya karani katika kampuni ya meli Elder Dempster, mjini Liverpool. Kampuni hiyo ilikuwa inabeba mizigo kati ya Ulaya na Afrika ya Magharibi, na ndiyo iliyokuwa na mkataba wa kubeba mizigo ya Kongo ya Leopold, kutoka bandari ya Anvers hadi Boma na Matadi.

Mshahara wa karani mdogo haukutosha kumlisha yeye na mama yake. Mwaka 1896 alioa, jina la bibi yake ni Mary, na baadaye walizaa watoto watano. Morel alitafuta pesa ya ziada kwa njia mbili: alifundisha Kifaransa, na kuanzia mwaka 1893 alianza kuandika makala za kulipwa.

Aliuza kitu ambacho wengine hawakuwa nacho

Namna alivyopata wateja ni somo kwa kila pigiste. Hakuanza kwa kuandika juu ya siasa kubwa za London, sababu kulikuwa na waandishi wengi wenye jina waliokuwa wanafanya kazi hiyo. Aliandika juu ya kile kilichopita mezani kwake kila siku: bei ya mafuta ya mawese, ushuru wa forodha, meli, biashara ya Afrika ya Magharibi. Alisoma magazeti ya Kifaransa na ya Ubelgiji ambayo wahariri wengi wa Uingereza hawakuyafuata. Gazeti la biashara la Liverpool lilinunua makala zake, na baadaye hata Pall Mall Gazette la London likampa nafasi.

Lakini tusifiche jambo. Makala hizo za kwanza zilifuata faida ya tajiri wake. Morel alishambulia ushuru wa Wafaransa, sababu ulikuwa unaziumiza meli za Elder Dempster. Na walipoanza watu wachache kuilaumu Dola Huru ya Kongo, yeye aliitetea. Aliamini kwamba Leopold alileta maendeleo na kwamba maovu yalikuwa ya maofisa wachache tu. Kampuni ilipata sifa, karani akapata pesa yake, na hakuna aliyelalamika.

Hesabu zilizokataa kulingana

Kwa kuwa Morel alijua Kifaransa, kampuni ilimtuma mara kwa mara Anvers na Bruxelles kufuatilia mambo ya Kongo. Huko bandarini aliona meli zikishusha mpira na pembe za tembo kwa wingi. Kisha aliangalia zile meli zinapakia nini kurudi Kongo. Kama ni biashara ya kweli, zingepaswa kubeba vitambaa, chumvi, vyombo, vitu vya kuwalipa wale waliotafuta mpira porini. Aliona bunduki, risasi na maofisa.

Alirudi kwenye vitabu vya hesabu. Alikuta kwamba thamani ya mpira na pembe zilizofika Anvers ilipita ile iliyotangazwa na serikali ya Leopold. Maana yake kulikuwa na watu waliokuwa wanaweka faida mifukoni kwa siri. Na ile mizigo iliyokwenda Kongo, sehemu kubwa haikuwa na uhusiano wowote na biashara.

Hapo Morel akaelewa. Mpira ulikuwa unatoka, malipo hayaendi. Basi wanakijiji walikuwa wanaulizwa mpira kwa nguvu, bila malipo, chini ya bunduki na fimbo ya kiboko. Alikuwa hajawahi kukanyaga Kongo, na hadi kufa kwake hakufika. Utumwa aliugundua kwenye karatasi za kampuni yake mwenyewe.

Alipeleka habari hiyo kwa mkubwa wa kampuni, Alfred Jones. Jones huyo huyo alikuwa pia konsuli wa heshima wa Dola ya Kongo mjini Liverpool. Hakufurahi. Kampuni ilijaribu kumpa Morel nafasi nyingine yenye pesa nzuri zaidi, mbali na mambo ya Kongo. Alikataa. Mwaka 1900 alitoa mfululizo wa makala juu ya Kongo katika jarida la Speaker, bila kutia jina lake, kwa sababu bado alikuwa analipwa na Elder Dempster. Mwaka 1901 aliacha kazi. Alikuwa na miaka 28, bibi na watoto wa kulisha, na kalamu.

Nani analipa sasa?

Kuacha mshahara hakukumaliza tatizo, kulibadilisha tu sura. Morel aliingia kwanza katika gazeti moja lililoitwa West Africa, lakini hakupata uhuru aliotaka. Mwaka 1903 akaanzisha lake, West African Mail. Pesa ilitoka kwa wafanyabiashara, mmoja wao John Holt wa Liverpool. Holt alikuwa na uchungu wa kweli juu ya mateso ya Waafrika, lakini pia alikuwa na sababu yake: makampuni yaliyopewa misitu na Leopold, na mengine katika Kongo ya Wafaransa, yalikuwa yamewafungia wafanyabiashara kama yeye mlango. Baadaye William Cadbury, wa familia ile ya chokoleti, alimsaidia pia.

Tofauti na zamani ilikuwa moja: alichapisha ushahidi ambao kila msomaji angeweza kuupima: takwimu, barua za wamisionari, hukumu za mahakama, na picha za watu waliokatwa mikono.

Mwezi wa tano mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo. Serikali ikamtuma konsuli wake Roger Casement kwenda kuchunguza kando ya mto. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904, na mwaka huo huo wawili hao walisimamisha chama cha kutetea Kongo, Congo Reform Association. Casement alitoa pauni 100 za mfuko wake ili kazi ianze.

Leopold naye alijua nguvu ya kalamu. Alifungua ofisi ya siri ya kulipa waandishi na magazeti ili wamsifu. Marekani alimkodi wakili wa San Francisco, Henry Kowalsky, kumtetea mbele ya wanasiasa. Mwisho wa mwaka 1906, barua za siri za mpango huo zilichapishwa katika gazeti la New York American, na aibu ikawa kubwa. Sisi hapa tunajua coupage, ile bahasha anayopewa mwandishi ili habari itoke vizuri. Leopold aliifanya kwa kiwango cha dola nzima.

Aliyelipa kwa uhai wake

Kuna jina ambalo halipaswi kusahauliwa katika habari hii: Hezekiah Andrew Shanu. Alikuwa mtu wa Lagos, alifika Boma mwaka 1884, akafanya kazi ya serikali, kisha akawa mfanyabiashara na mpiga picha anayeheshimika. Ni yeye aliyemtumia Morel kwa siri karatasi za kesi iliyoonyesha kwamba mauaji yalifanyika kwa kujulikana na wakubwa. Alipogunduliwa, wafanyakazi wa serikali walikatazwa kununua dukani kwake. Alifilisika, na mwaka 1905 akajiua.

Morel alikaa Uingereza, mbali na mkono wa Leopold. Shanu alikaa Boma. Kila mwandishi anayepokea habari kutoka kwa mtu wa ndani afikirie tofauti hiyo kabla ya kuchapisha.

Ushindi, gereza, na doa

Kitabu cha Morel juu ya mpira uliojaa damu kilitoka mwaka 1906. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Morel hakuridhika haraka, chama chake kilifungwa mwaka 1913 tu.

Vita vya kwanza vya dunia vilipolipuka alipinga diplomasia ya siri ya serikali yake. Mwaka 1917 alifungwa miezi sita katika gereza la Pentonville, London, kwa kosa la kutuma maandishi yake Uswisi. Alitoka afya ikiwa imeharibika. Mwaka 1922 alichaguliwa mbunge wa Dundee, akimshinda Winston Churchill. Alikufa tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 1924, akiwa na miaka 51.

Lakini mwaka 1920 mtu huyo huyo aliandika katika gazeti la Daily Herald makala ya kibaguzi dhidi ya askari Waafrika ambao Ufaransa ilikuwa imewaweka Ujerumani. Aliwachora kama wanyama wenye kuwinda wanawake. Kwenye Kongo alihesabu kila kilo. Huko Ujerumani alisambaza uvumi. Kijana mmoja mweusi kutoka Jamaika, Claude McKay, aliandika jibu. Daily Herald lilikataa kulichapisha, McKay akalipeleka kwa Sylvia Pankhurst, mwenye gazeti dogo la wafanyakazi. Pankhurst alilichapisha, kisha akampa McKay kazi ya kuandika.

Kwa mtu anayeishi kwa makala moja moja, maisha ya Morel yanaonyesha kwamba soko linaweza kuanzia pale unapofanya kazi, kwa kitu unachokijua kuliko mhariri. Unaweza kuwa karani wa depo, muuguzi, mwalimu, mchuuzi wa mpakani: karatasi zinazopita mkononi mwako ni habari. Lakini siku hesabu zikikataa kulingana, yule anayekulipa ataanza kukuuliza unyamaze, na mara nyingi ataanza kwa upole, kwa kukuongezea mshahara.

Karani wa Liverpool alipoongezewa, tayari alikuwa na magazeti mengine yaliyozoea kununua kazi yake. Hilo halikumfanya tajiri, lakini lilimpa mahali pa kwenda.