John Williamson: mwanajiolojia wa Mwadui na almasi ya waridi iliyogeuzwa ua

Malori yanayoleta bidhaa Kigali kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita Isaka, mkoani Shinyanga nchini Tanzania, kabla ya kushika njia ya Kahama kuelekea mpaka wa Rusumo. Wafanyabiashara na madereva wengi wa Rwanda wanaifahamu njia hiyo vyema. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika mkoa huohuo, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga, iko Mwadui, mahali palipotoka mojawapo ya almasi mashuhuri zaidi za karne ya 20.

Almasi hiyo ina rangi ya waridi. Iliwekwa katikati ya ua la vito lililovaliwa kifuani na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza katika hafla nyingi za utawala wake. Aliyemzawadia ni mwanajiolojia kutoka Kanada, Dakta John Thoburn Williamson, aliyefariki mwaka 1958. Maisha yake yanaonyesha jinsi jiwe la Afrika Mashariki linavyopata umbo, jina na bei, na pia ni nani hunufaika kwa kila hatua.

Kutoka Quebec hadi Tanganyika

Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal akikusudia kusoma sheria, lakini safari ya mafunzo ya miamba katika eneo la Labrador ilimvuta upande mwingine. Aliacha sheria, akasoma jiolojia, na akapata shahada ya uzamivu katika fani hiyo mwaka 1933.

Miaka hiyo dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na ajira zilikuwa haba. Williamson alikuja Afrika na kufanya kazi ya utafutaji wa madini Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baadaye alihamia Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Rwanda na Burundi, zilizokuwa pamoja na Tanganyika katika koloni moja la Wajerumani, zilikuwa zimewekwa chini ya Ubelgiji.

Huko Tanganyika aliajiriwa na kampuni ndogo iliyochimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza. Mgodi ule ulitoa mawe machache na kampuni ikadhoofika. Waajiri wake walipokata tamaa, yeye aliendelea kutafuta kwa gharama zake. Aliamini kwamba mawe yaliyotawanyika katika nchi ya Wasukuma yalitoka mahali pamoja: bomba kubwa la mwamba wa kimberlaiti, ambao hupanda kutoka vilindi vya dunia na kubeba almasi hadi karibu na uso wa ardhi.

Miaka ya dhiki na ugunduzi wa 1940

Kazi ilikuwa ngumu. Williamson aliugua malaria mara kwa mara, fedha zilimwishia, na madeni yakaongezeka. Aliyemshika mkono ni Iqbal Chand Chopra, wakili mwenye asili ya India aliyekuwa na ofisi yake Mwanza. Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa ujuzi wa sheria, na baadaye akawa mshirika mwenye hisa katika mgodi. Bila wakili huyo, pengine jina la Williamson lisingejulikana.

Mwezi Machi 1940 almasi iliokotwa Mwadui. Simulizi za siku ile ni nyingi; zipo zinazotaja mbuyu, na zipo zinazotaja gari lililonasa kwenye matope. Lisilo na ubishi ni ukubwa wa kilichopatikana. Bomba la Mwadui lina eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi, na linahesabiwa miongoni mwa mabomba makubwa zaidi ya kimberlaiti yaliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, na mitambo ya kivita ilihitaji almasi kwa ajili ya kukatia na kusagia vyuma. Mashine zilikuwa adimu, hivyo uchimbaji ulianza kwa zana duni na nguvu za mikono ya wenyeji. Baada ya vita, Mwadui ikakua na kuwa mji uliozungushiwa uzio, wenye nyumba, hospitali, shule, maduka, bwawa la maji na uwanja wa ndege. Maelfu ya Waafrika walifanya kazi humo chini ya ulinzi mkali, kwa kuwa jiwe dogo linalofichika mkononi liliweza kuzidi kwa thamani ujira wa miaka mingi.

Mgodi mmoja mbele ya soko la dunia

Wakati huo sehemu kubwa ya biashara ya almasi ghafi duniani ilidhibitiwa na kampuni ya De Beers na washirika wake kupitia London. Wachimbaji waliuza huko kwa viwango na bei zilizopangwa. Williamson alikuwa na mgodi mkubwa usiomilikiwa na De Beers, naye hakupenda kupangiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 aligoma kuuza kwa masharti aliyowekewa, akahifadhi almasi zake badala ya kuzipeleka sokoni. Mvutano huo ulimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa makubaliano mapya. Mtu aliyekuwa akikopa ili ale alikuwa sasa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Afrika. Hata hivyo aliendelea kuishi Mwadui maisha ya upweke, hakuoa, na hakupenda makuu ya miji ya Ulaya.

Jiwe la waridi

Mwezi Oktoba 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Karati moja ni sawa na gramu 0.2, kwa hiyo jiwe lote halikufikia gramu 11. Almasi za waridi ni adimu sana, na yenye ukubwa huo pamoja na rangi safi ilikuwa jambo la nadra hata kwa wataalamu wa London.

Mwezi uliofuata, tarehe 20 Novemba 1947, Binti Mfalme Elizabeth alifunga ndoa na Philip. Williamson aliamua kumpa jiwe hilo kuwa zawadi ya harusi. Mwaka 1948 lilichongwa London na mafundi wa kampuni ya Briefel and Lemer, na bibi harusi mwenyewe alifika karakana kuitazama kazi hiyo. Lilipomalizika lilikuwa na umbo la duara lenye nyuso nyingi za kuakisi mwanga, na uzito wa karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikuwa imeondolewa.

Hasara hiyo ya uzito ni sehemu ya kazi. Almasi ghafi haina mng'ao mkubwa. Huonekana kama kipande cha kioo kilichofifia. Mchongaji huondoa ili mwanga uingie juu, ugonge nyuso za chini na kurudi kwenye jicho la mtazamaji. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika ukoo wa wachonga almasi wa Antwerp, alichapisha hesabu za pembe na vipimo vinavyoufanya mng'ao huo uwe mkubwa zaidi. Tangu hapo, kazi iliyotegemea jicho na mazoea ya fundi ilianza kuongozwa pia na hisabati.

Usonara ulivyobadilika

Jiwe lilikaa miaka kadhaa kabla ya kupewa pambo lake. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia, tawi la London la kampuni ya Cartier lilikamilisha bruchi, yaani pambo la kubana kwenye nguo kifuani, lililobuniwa na Frederick Mew.

Ili kuielewa kazi ya Mew, inafaa kukumbuka mapambo yalikotoka. Katika karne ya 19 almasi zilipachikwa zaidi kwenye fedha na dhahabu, na vishikizo vya jiwe vilikuwa vinene. Mwanzoni mwa karne ya 20 masonara walianza kutumia sana platinamu, madini meupe na magumu yanayoweza kushika jiwe kwa kucha nyembamba mno. Chuma kikapungua, jiwe likaonekana zaidi. Katika miaka ya 1920, hasa baada ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris ya mwaka 1925, mtindo ulipenda mistari iliyonyooka, pembe na miraba. Baada ya vita, watu walipochoshwa na ukali wa miaka hiyo, maua na majani yalirudi.

Bruchi ya Williamson ilikusanya hatua hizo zote katika pambo moja. Almasi ya waridi ni kitovu cha ua. Petali zake zimeundwa kwa almasi nyeupe zenye umbo la mashua, zilizochongoka ncha mbili. Shina limepangwa kwa vijiwe vyembamba vya pembe nne, vya aina iliyopendwa katika miaka ya 1920, lakini hapa vimepindishwa kufuata mkunjo wa mmea. Mistari iliyonyooka imetumika kutengeneza kitu kinachoonekana kuwa hai, na platinamu inayoshikilia vyote karibu haionekani.

Malkia alilivaa ua hilo katika harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981, na mwaka 2009 alipompokea Rais Barack Obama na mkewe Michelle katika kasri la Buckingham. Mtindo wa mavazi ulibadilika mara nyingi katika miaka hiyo, lakini pambo halikuhitaji kubadilishwa.

Mwisho wa safari

Williamson hakuishi muda mrefu kuona umaarufu huo. Mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret, mdogo wake Malkia, aliutembelea mgodi wa Mwadui. Wakati huo afya ya mwenyeji wake ilikuwa ikielekea kudhoofika. Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50, na akazikwa palepale Mwadui.

Mwaka huohuo warithi na washirika wake waliuza hisa. De Beers, kampuni aliyokuwa amevutana nayo, ilichukua nusu ya mgodi, na serikali ya Tanganyika ikachukua nusu nyingine. Jina la Williamson lilibaki kwenye kampuni ya uchimbaji na lipo hadi leo.

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu kuibakiza nyumbani kazi ambayo London iliifanya mwaka 1948. Kiwanda cha kuchonga almasi kilichoitwa Tancut kilianzishwa Iringa, na vijana wa Kitanzania wakajifunza humo ufundi wa kukata na kung'arisha. Kiwanda hicho hakikudumu, na milango yake ikafungwa.

Funzo kwa Rwanda ya leo

Tofauti ya thamani kati ya jiwe ghafi na jiwe lililochongwa haikuishia zama za Williamson. Mwaka 2021 almasi ghafi ya waridi ya karati 32.32 kutoka Mwadui iliuzwa kwa dola milioni 13.8. Oktoba 2022, mwezi mmoja baada ya kifo cha Malkia Elizabeth, almasi ya karati 11.15 iliyopatikana kutokana na jiwe hilo iliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa takriban dola milioni 57.7. Ikapewa jina linalomkumbuka mwanajiolojia wa Mwadui. Uzito ulipungua kwa karibu theluthi mbili; bei iliongezeka zaidi ya mara nne.

Hesabu hiyo inaihusu pia Kigali. Rwanda inajulikana kwa bati, koltani na wolframu, lakini miamba yake ina vito pia, yakiwemo berili, turmalini na amethisti. Vito hivyo havina umaarufu wa almasi ya waridi, lakini vinafuata kanuni ileile. Kijiwe cha amethisti kinachouzwa kikiwa na udongo wake hulipwa kama udongo wenye rangi. Kikishachongwa na kuwekwa kwenye pete iliyobuniwa vizuri, hulipwa kwa jicho la mchongaji na mkono wa sonara.

Williamson aliwashinda njaa, malaria na wafanyabiashara wa London, na kwa muda aliweza kuamua jiwe lake liuzwe lini na kwa nani. Hata hivyo hakuwa na karakana ya kulichonga wala msanii wa kulibuni karibu na mgodi wake. Ua lililotokana na ardhi ya Wasukuma lilichanua London, na waliolichimba hawakupata kuliona.