Adolf Noreen na Suala la Neno Sahihi katika Kiswidi

Miongoni mwa wanaisimu walioujenga uchunguzi wa lugha ya Kiswidi juu ya misingi ya kisayansi, Adolf Noreen ana nafasi ya pekee. Alizaliwa tarehe 13 Machi, 1854 katika parokia ya Östra Ämtervik, jimbo la Värmland, magharibi mwa Uswidi. Utafiti wake ulianzia nyumbani: mwaka 1877 alichapisha uchambuzi wa mfumo wa sauti wa lahaja ya bonde la Fryksdal, na hivyo kuipa lahaja ya wakulima uzito uleule uliopewa lugha za kale. Kuanzia mwaka 1887 hadi 1919 alikuwa profesa wa lugha za Skandinavia katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Sarufi zake za Kiaislandi cha Kale na Kiswidi cha Kale ziliwafaa wasomi wa Ulaya kwa vizazi kadhaa.

Hata hivyo, jina lake lilivuma zaidi kutokana na mgogoro wa tahajia. Sheria ya mwaka 1842 ilikuwa imeagiza kuwapo kwa shule za msingi nchini kote, na watoto wa tabaka zote walilazimika kujifunza maandishi yaliyojaa mabaki ya historia. Sauti moja ya /v/ iliandikwa kwa njia nne: v, f, fv na hv. Mwaka 1885 Noreen alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha tahajia mjini Uppsala kilichodai kwamba maandishi yafuate matamshi. Mwaka uliofuata Esaias Tegnér Mdogo, profesa wa Lund, aliyapinga madai hayo. Hoja yake ilikuwa kwamba msomaji aliyekomaa huitambua sura ya neno kwa jicho, na kwamba maandishi yanapaswa kudhihirisha undugu wa maneno.

Nguvu ya pingamizi hilo huonekana wazi katika maneno ambatani. Kiswidi huunganisha maneno mawili au zaidi na kuyaandika kama neno moja. Sehemu ya mwisho ndiyo kiini: hubeba maana ya msingi na ngeli ya neno zima. Kwa mfano, huvud (kichwa) na stad (mji) huunda huvudstad, yaani mji mkuu, nalo hufuata ngeli ya stad. Sehemu ya kwanza mara nyingi hubadilika: skola (shule) hupoteza irabu yake katika skolbok (kitabu cha shule), arbete (kazi) hudondosha irabu na kupokea s katika arbetsdag (siku ya kazi), nalo kyrka (kanisa) hupata o katika kyrkogård (makaburi). Sasa lichukuliwe neno högtid (sikukuu), linalotokana na hög (-a juu) na tid (wakati). Herufi g hutamkwa /k/ kwa kuathiriwa na t inayoifuata. Tahajia ya sauti tupu ingeandika k, na msomaji angepoteza uhusiano wa neno hilo na hög.

Noreen alichapisha pia makala mashuhuri kuhusu usahihi wa lugha. Aliukataa mtazamo uliopima usahihi kwa lugha ya waandishi wa zamani, na vilevile ule ulioiacha lugha ijiendee kama mmea wa porini. Badala yake alipendekeza kipimo cha kufaa: umbo bora ni lile linaloeleweka kwa msikilizaji upesi na bila utata, na wakati huohuo ni rahisi kwa msemaji. Kwa kipimo hicho, si historia wala sauti peke yake yenye kauli ya mwisho. Mwenye kauli ni mtumiaji wa lugha.

Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari wathibitisha uzito wa kipimo hicho. Katika Kiswahili, silabi nyingi huishia kwa irabu, hivyo mpaka wake haufichiki. Katika Kiswidi, konsonanti hurundikana, na kanuni ya kwanza ni kukata pale sehemu za neno ambatani zinapokutana. Neno glasskål likikatwa glas-skål ni bakuli la kioo. Likikatwa glass-skål ni bakuli la aiskrimu. Nattåg (treni ya usiku) huundwa na natt na tåg, lakini maandishi hayaruhusu konsonanti tatu zinazofanana kufuatana. Neno linapokatwa, t iliyodondoshwa hurejea: natt-tåg. Pasipo na mpaka wa namna hiyo, konsonanti moja tu huweza kupelekwa mstari unaofuata pamoja na irabu.

Mwaka 1906 Waziri Fridtjuv Berg aliamuru tahajia mpya shuleni. Hufvudstad likawa huvudstad, hvad (nini) likawa vad, na godt (-zuri) likawa gott. Kitabu cha Selma Lagerlöf kuhusu safari ya Nils Holgersson, kilichotolewa mwaka 1906 na 1907 kwa ajili ya wanafunzi, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuitumia. Naye mwandishi huyo alitoka parokia ileile ya Noreen. Ushindi haukuwa kamili, kwani maneno kama hjärta (moyo) na ljus (mwanga) yalibaki na konsonanti zisizotamkwa.

Kuanzia mwaka 1903 Noreen alitoa kwa sehemu kazi yake kuu, Vårt språk, aliyoikusudia iwe na majuzuu tisa kuhusu sauti, maana na maumbo ya Kiswidi. Mwaka 1919 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Uswidi. Alifariki Juni 1925, na kazi hiyo haikukamilika.

Kipimo chake, hata hivyo, kingali na matumizi. Waswidi wanaendelea kubishana kuhusu kutenganisha maneno ambatani katika maandishi. Sjuksköterska ni muuguzi. Sjuk sköterska ni muuguzi aliye mgonjwa. Anayetetea kuunganishwa kwa neno hilo hahitaji kutaja mapokeo wala mamlaka yoyote. Yatosha kuonyesha kwamba nafasi ndogo kati ya herufi imembadilisha mwenye kutibu akawa mwenye kutibiwa.