Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa Berlin

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, nilibishana na Maalim wangu hapa Garsen. Nasema Maalim wangu kwa kuwa ndiye aliyenifinya masikio chuoni nilipokuwa na miaka saba, na hata leo, na mvi zangu hizi, akitokea barazani huinuka nikampisha. Tulikuwa karibu na kituo cha mabasi ya Lamu, nami nilikuwa na kitabu mkononi, Desturi za Waswahili. Akauliza ni cha nani. Nikamtajia Mtoro bin Mwinyi Bakari. Akasema mtu huyo anamjua kwa sifa, na sifa yenyewe si njema: ni mtu aliyekwenda Ulaya akawauzia Wadachi siri za kwetu, hata zile za unyagoni, akaoa Mzungu, akafia huko huko bila ya kukumbuka kwao.

Sikuwa na jawabu la haraka. Mbele ya mwalimu wako maneno hukukimbia. Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika ukurasa huu, maana yeye gazeti hulisoma lote, kuanzia matangazo ya vifo mpaka mpira. Assalaam alaykum, Maalim, na nyinyi wasomaji wengine. Jawabu langu ni hili.

Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alitiwa chuoni kama sisi, akahitimu, akaendelea na elimu ya dini mpaka naye akawa mwalimu wa kusomesha watoto. Jina lake nimelicheka mara nyingi. Kwetu chuoni mtoro alikuwa ni yule anayejificha migombani huku wenzake wanasoma juzuu, na akipatikana bakora ilikuwa haki yake. Huyu wa Bagamoyo hakutoroka chuo. Wajerumani walipoikalia mrima, alifanya kazi kwao kwa muda, kazi ya kukusanya kodi, na nadhani Maalim atalishika neno hilo. Alishike. Mimi simfichi mtu wangu.

Kabla sijampandisha melini, niseme kwa nini mtu wa Garsen ajishughulishe na mji wa Berlin. Mwaka 1878 ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifika kuuchunguza mto wetu huu. Mwaka 1885 Clemens alirudi, akapata ardhi kwa Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na Witu, ambayo si mbali na hapa niliposimama, ikawekwa chini ya himaya ya Ujerumani. Wamishonari wa Neukirchen wakaja kujenga kwao Ngao, kwenye kingo za Tana. Kisha tarehe 1 Julai, 1890, Waingereza na Wajerumani walikaa Berlin wakatia sahihi mkataba: Witu ikapewa Mwingereza, na Mjerumani akapata kisiwa cha Heligoland katika bahari ya kwao. Hapana mtu wa Witu aliyeulizwa. Kwa hiyo Berlin ilikuwa imekwisha kutukatia nguo bila ya kutupima, miaka kumi kabla Mtoro hajaiona.

Aliiona mwaka 1900. Huko palikuwa na chuo cha lugha za Mashariki, kilichofunguliwa 1887 chini ya Chuo Kikuu cha Berlin. Maofisa, makarani wa serikali, wafanyabiashara na wamishonari waliotaka kuja Afrika walifundishwa hapo lugha ya watu watakaowatawala, watakaofanya nao biashara au watakaowahubiria. Profesa alikuwa Mjerumani, na kando yake alihitajika Mswahili hasa, wa kuwanyoosha ndimi. Mtoro hakuwa wa kwanza. Walimtangulia Sleman bin Said na Amur bin Nasur, wote watu wa Unguja. Zamu yake ilipofika profesa alikuwa Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali Dar es Salaam.

Mimi Berlin nimefika mara moja, mwezi wa Desemba, kwa siku kumi na moja, nilipoalikwa kusoma mashairi. Naomba nieleze kidogo, maana bila ya kuujua mji ule huwezi kumjua mtu huyu. Mji umekaa mahali tambarare, kama hapa kwetu. Katikati unapita mto uitwao Spree, maji meusi, yaendayo polepole kama mzee anayetoka msikitini. Nilisimama darajani nikaulinganisha na Tana, nikaona ajabu. Tana hushika njia autakayo. Katika karne ya 19 watu wetu walichimba mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ivuke kutoka Tana hadi mto Ozi, na mto ukaupenda mfereji ukauingia, na hivi leo unatokea Kipini. Spree umejengewa kuta za mawe kushoto na kulia. Unakwenda unakoamriwa.

Mwaka 1900 mji ule ulikuwa na watu karibu milioni mbili. Treni zilipita juu ya matao ya matofali tangu 1882, na mwaka 1902 Mtoro alishuhudia ikifunguliwa reli ya umeme, inayokwenda mahali pengine juu ya nguzo na mahali pengine chini ya ardhi. Barabara kuu, Unter den Linden, imepandwa miti mistari mistari, na wakati ule ilielekea kwenye kasri ya mfalme. Miti ile huvua majani yote wakati wa baridi. Mtu aliyezoea mwembe, ambao haujui kuwa uchi, akiiona mara ya kwanza hudhani imekufa.

Lakini msidhani kila Mberlini aliishi katika fahari. Walio wengi walikaa katika majumba ya orofa nne na tano, ua nyuma ya ua, aila nzima chumba kimoja na jiko, na jiko lenyewe la makaa ya mawe. Jua halikufika ua wa nyuma mwaka mzima. Chakula chao ni mkate mweusi, viazi na nyama ya nguruwe, na kinywaji ni pombe ya shayiri. Muislamu atazame anachonunua.

Na sala? Desemba ile jua lilichomoza saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi limekwisha kuzama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zilinijia zimefuatana kama abiria wa basi. Mwezi wa Juni mambo hupinduka, usiku ukawa mfupi hata wekundu wa machweo unakutana na weupe wa alfajiri, na wakati wa isha unakuwa mas-ala ya kuulizia wanavyuoni. Nilipiga hesabu nikaona Ramadhani ya kwanza baada ya kufika kwake, mwaka 1318 wa Hijra, ilianza siku za mwisho za Desemba, 1900. Ilikuwa ni saumu ya saa chache, lakini ya baridi inayouma mifupa. Msikiti haukuwako. Makaburi ya Waislamu yalikuwako, tangu 1866, kwa ajili ya Waturuki. Msikiti wa kwanza nchi ile ni ule wa mbao uliojengwa Wünsdorf, nje ya Berlin, mwaka 1915 kwa ajili ya mateka wa vita. Ule wa Wilmersdorf, ndani ya mji, ulianza kujengwa 1924, na Mtoro alikuwa angali hai.

Ndani ya mji huo, akiwa amezungukwa na viazi na makaa ya mawe, Mtoro aliketi akaandika habari za kwetu. Mwaka 1901 kilitoka kitabu cha Safari za Wasuaheli, na ndani yake imo safari yake ya Udoe na Uzigua. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli. Humo mtoto anazaliwa, anapewa jina, anatiwa chuoni, anaingia jandoni, anaposa, anaoa, anauguliwa na pepo, anazikwa. Zimo ngoma, zimo habari za watumwa na mabwana, zimo hukumu za sheria. Imo pia khabari ya unyago, na hapo ndipo Maalim aliponishika. Kitabu kilitolewa na Velten, na jina la Velten ndilo lililotangulia, kama mkusanyaji. Watu wengi waliokitumia miaka na miaka walisema Velten kasema hivi, Velten kasema vile. Hata mwaka 1981, J. W. T. Allen alipokitoa kwa Kiingereza, ndipo jina la Mtoro likakaa mahali pake. Hiyo ni miaka 78. Mtu akiuza kitu, Maalim, aghalabu jina lake huandikwa kwenye hati. Huyu jina lake lilifunikwa.

Sasa nije kwenye heshima. Mwaka 1896, miaka minne kabla ya kuwasili kwake, palifanywa maonyesho makubwa Treptow, pembeni mwa mto Spree, wakaletwa watu zaidi ya mia moja kutoka makoloni, wamo na Waswahili, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili Waberlini wawatazame. Basi mji ulikuwa umezoea kumtazama mtu mweusi kama mnyama wa kifungoni. Mtoro alikuwa mwalimu, na alilelewa, kama sisi, kwamba mwanafunzi humsalimu mwalimu wake na humpa haki yake. Baadhi ya wanafunzi wale hawakutaka kumpa. Naye hakukubali kunyamaza. Ukawa mzozo, na kazi yake pale chuoni ikaisha.

Katikati ya hayo, mwaka 1904, alimuoa Bibi Bertha Hilske, binti wa Berlin. Ilikuwa ndoa halali kwa sheria ya Ujerumani. Mwaka 1905 akamchukua mkewe, wakapanda meli kurejea. Fikirini mtu ambaye kwa miaka mitano amekaa katika theluji akiandika mwari anavyotolewa nje, arusi inavyochezwa, mchele unavyopikwa, na sasa meli inaingia bandari ya Dar es Salaam, anaiona minazi kwa macho yake. Serikali ikamkatalia kushuka na mkewe. Mwanamke wa Kizungu aliyeolewa na Mwafrika, akae mjini mbele ya watu? Waliona itawashusha wao watawala. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna hiyo zikazuiwa katika koloni zima.

Alikuwa na njia moja tu ya kushuka: amuache Bibi Bertha melini. Hapo, Maalim, ndipo nitakapo uniambie. Wewe ndiwe uliyetufundisha haki za mke juu ya mume. Mtoro alikwisha kuwafundisha wale watu lugha ya kutolea amri katika nchi yake, na waliokuja na lugha hiyo ndio waliosimama bandarini kumzuia. Hakumuacha mkewe. Wakageuka pamoja wakarudi Ujerumani, na mwaka ule ule vita vya Maji Maji vikazuka kusini mwa nchi aliyokatazwa kuikanyaga.

Yaliyobaki ni machache. Kutoka 1909 mpaka 1913 alisomesha Kiswahili Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni, pamoja na Profesa Carl Meinhof. Kisha akarudi Berlin, akawa mtu wa kutoa mihadhara huku na huku kuhusu Afrika Mashariki. Vita vikaja, Ujerumani ikashindwa, makoloni yakachukuliwa, na waliomfungia mlango wakawa nao hawana nyumba. Lakini Mtoro hakurudi tena. Alifariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tangu 1900.

Je, alitumikia wakoloni? Ndiyo, na hapo Maalim ana nusu ya haki. Afisa aliyejifunza kwake kusema lete na chukua alikuja kuyasema hayo kwa watu wa shokoa wenye pingu. Silikatai. Ama kwamba hakukumbuka kwao, hilo nalikataa kabisa. Mtu asiyekumbuka haandiki kwa namna ile. Mimi mwenyewe nilikaa Berlin siku kumi na moja tu, na siku ya tisa nilikuwa nikiota harufu ya matope ya Tana baada ya mafuriko. Na hizo siri za kwetu, nyingi katika hizo leo hazimo vichwani mwetu. Nimeulizia hapa Garsen na Kipini maneno kadhaa ya arusi yaliyomo kitabuni, na hata mabibi wakongwe wamenitikisia kichwa.

Kitabu chenyewe Maalim alikichukua siku ile ile tulipobishana, ati akitazame makosa yake. Hajakirudisha. Mjukuu wake ameniambia kwamba kila usiku baada ya isha babu huvaa miwani akawasomea wazee wenzake watatu, na wao hubishana kuhusu ada ya mwalimu wa chuoni, ilikuwa kiasi gani na nani alikuwa hailipi. Akifika kwenye unyago hugeuza kurasa kadhaa kwa pamoja, akaendelea na arusi.