Mama Cook na mkunga aliye peke yake

Ukitaja historia ya uuguzi, darasa zima linajibu Florence Nightingale. Sawa, hakuna ubishi. Ila leo naomba niwaletee wa hapa Afrika Mashariki: Katharine Timpson, ambaye baadaye aliitwa Lady Cook.

Alikuwa nesi Mwingereza. Mwaka 1896 alijiunga na msafara wa wamisionari wa CMS, wakatembea kwa miguu kutoka pwani hadi Mengo, Buganda, wakafika Februari 1897. Reli ilikuwa bado inajengwa. Mwaka huohuo Hospitali ya Mengo ikaanza, yeye akawa matroni. Mwaka 1900 aliolewa na daktari wa msafara, Albert Cook. Mwaka 1902 radi ikaunguza hospitali, wakajenga upya.

Kazi ninayomheshimia zaidi ilianza 1918, alipoanzisha shule ya wakunga pale Mengo. Yeye na mumewe waliandika hata kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili binti asome kwa lugha anayoiota usiku. Wahitimu walipelekwa vituo vidogo vya vijijini. Sasa hebu fikiria: uko peke yako, daktari yuko mbali, mama anavuja damu. Usubiri, au umsafirishe? Hapo ndipo akili ya muuguzi inapopimwa. Kukariri peke yake hakukutoi hapo.

Lakini tusimfanye malaika. Shule ile ilizaliwa katika kampeni dhidi ya kaswende, ambayo akina Cook waliamini imeenea Buganda nzima na inaua watoto. Wanahistoria wengi sasa wanaona kwamba sehemu kubwa ya walichokiita kaswende ilikuwa buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa usioambukizwa kwa ngono. Dalili zinafanana. Tatizo ni kwamba waliziangalia wakiwa tayari na jibu kichwani, kwamba maadili ya Waganda yameporomoka, na wanawake wengi wakabebeshwa aibu isiyo yao.

Mimi natokea Baray, bonde la Eyasi, nasoma uuguzi. Kule anakuja Mdatoga, Mhadzabe, Mwiraqw na kibarua wa vitunguu kutoka mkoa mwingine, wote kwenye foleni moja. Ni rahisi sana kumsoma mtu kwa kabila au mavazi yake kabla hujamshika mapigo ya moyo. Na mvua ikinyesha, barabara ya kupanda Karatu haina huruma, kwa hiyo uamuzi wa rufaa ukichelewa umechelewa kweli.

Mama Cook alifariki 1938. Ametuachia mambo mawili kwa pamoja: mkunga wa kijijini anaweza kuaminiwa kuamua, na hata mtaalamu mwenye nia njema anaweza kumsoma mgonjwa vibaya. Wenzangu wa mwaka wa tatu mnaokwenda fildi, pimeni kwanza, ulizeni tena, ndipo mwandike kwenye faili.