Paul Broca: Daktari aliyemchunguza mgonjwa wa neno moja

Kila tunapofanya kipindi cha kiharusi, ujumbe wa aina moja haukosi kuingia kwenye simu ya studio. Mzee ameanguka, mkono na mguu wa kulia vimelegea, na tangu siku hiyo hasemi, au anarudia neno lile lile asubuhi hadi jioni. Nyumbani wapo wanaosema ni upepo mbaya, wapo wanaosema karogwa, na wapo waliokwisha kuamua kwamba akili yake imeondoka.

Msikilizaji, leo nakuletea maisha ya daktari wa Ufaransa aliyefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita. Kazi yake inatusaidia mpaka leo kumwelewa mzee huyo.

Mtoto wa daktari

Paul Broca alizaliwa tarehe 28 Juni 1824 katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari. Paul mwenyewe alipofika miaka 17 alikwenda Paris kusomea udaktari, na huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote. Akawa daktari wa upasuaji, mwalimu wa madaktari na mtafiti asiyechoka.

Mwaka 1859 alianzisha chama cha wasomi waliotaka kuchunguza habari za binadamu: mwili wake, asili yake na lugha yake. Serikali ilikitilia shaka chama hicho, ikawa inamtuma askari kusikiliza mikutano yake.

Katika mikutano hiyo kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu ubongo. Upande mmoja ulisema ubongo ni kama ngoma: ipige popote, ngozi nzima inalia. Upande wa pili ulisema ubongo ni kama kijiji cha mafundi, huyu mhunzi, huyu mfinyanzi, kila mmoja na kazi yake. Daktari Ernest Auburtin alikuwa wa upande wa pili. Alisema uwezo wa kuongea unakaa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwezi Aprili 1861 aliahidi kwamba akiletewa mgonjwa aliyepoteza usemi, kisha sehemu hiyo ikakutwa nzima, yeye ataacha kudai hivyo.

Mgonjwa aliyeitwa Tan

Siku chache baadaye, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Broca aliletewa mgonjwa wa miaka 51. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba na kuanza kuoza. Jina lake lilikuwa Leborgne, lakini hospitali nzima ilimwita Tan, kwa sababu hiyo ndiyo sauti pekee aliyoweza kuitoa. Ukimuuliza lolote, anajibu tan, tan. Akikasirika sana hutoka tusi moja, kisha anarudi kwenye tan yake.

Leborgne alikuwa na kifafa tangu ujana. Aliwahi kufanya kazi ya kutengeneza kalibu za mbao za kushonea viatu. Usemi ulimpotea akiwa na miaka kama 30, akaletwa Bicêtre. Miaka kumi baadaye mkono wa kulia ukaanza kulegea, halafu mguu. Wagonjwa wenzake hawakumpenda. Walimwona mkorofi na mwizi.

Broca angeweza kushughulikia ule mguu tu, maana yeye alikuwa mpasuaji. Lakini aliketi, akaanza kumuuliza maswali. Alimuuliza amekaa hospitalini miaka mingapi. Leborgne akakunjua mkono wa kushoto mara nne, vidole vitano vitano, kisha akaongeza kidole kimoja. Ishirini na moja. Hesabu ilikuwa sahihi. Kesho yake Broca akauliza tena, jibu likawa lile lile. Alipouliza mara ya tatu, mgonjwa akatambua kuwa anajaribiwa, na lile tusi likatoka.

Mtu anayehesabu miaka yake, na anayejua kuwa anafanyiwa majaribio, hajaishiwa akili. Broca alimwita Auburtin amwone mgonjwa, naye akakubali kwamba mtu huyu anafaa kumaliza ubishi.

Leborgne alifariki tarehe 17 Aprili 1861. Broca aliufungua mwili na kuutoa ubongo. Upande wa kushoto, sehemu ya mbele, alikuta shimo kama yai la kuku, limejaa majimaji. Kesho yake aliupeleka ubongo huo kwenye mkutano wa chama. Hakuukata vipande. Aliuhifadhi mzima ili wengine waje kuuchunguza.

Mzee aliyepigwa na kiharusi

Mgonjwa mmoja hatoshi kuthibitisha jambo, na Broca alilijua hilo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo aliletewa kibarua wa zamani, Lelong, mwenye miaka 84, aliyevunjika paja. Mwaka uliotangulia mzee huyo alikuwa ameanguka ghafla kwa kiharusi, na tangu hapo alibakiwa na maneno matano tu. Moja lilikuwa la Kifaransa lenye maana ya tatu, tena alilitamka kombo. Alilitumia kwa hesabu yoyote. Alipoulizwa ana watoto wangapi, mdomo ulisema tatu, lakini mkono ukaonyesha vidole vinne. Ukweli ulikuwa kwenye vidole.

Lelong naye alifariki siku chache baadaye. Ubongo wake ulikuwa na jeraha karibu mahali pale pale.

Broca aliendelea kukusanya wagonjwa wa namna hiyo, na karibu wote walikuwa wameumia upande wa kushoto. Mwaka 1865 alitamka wazi kwamba kwa watu wengi uwezo wa kuongea unategemea upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo sababu mzee aliyelegea upande wa kulia mara nyingi hupoteza na usemi. Haki inataka niseme pia kwamba daktari wa mikoani, Marc Dax, alikuwa ameandika jambo hilo mwaka 1836, lakini maandishi yake yalitolewa hadharani miaka mingi baada ya kifo chake.

Broca alieleza pia kwamba mgonjwa wa aina hii anaweza kufundishwa maneno upya, kwa uvumilivu kama wa mama anayemfundisha mtoto.

Alipokosea

Mtafiti huyu makini alikosea vibaya kwenye jambo jingine. Alipima mafuvu na kuzipima uzito bongo za watu, akadai kwamba wanawake wana akili ndogo kuliko wanaume, na Waafrika kuliko Wazungu. Alipinga utumwa, lakini vipimo vyake vilitumiwa kudharau watu. Wanasayansi waliofuata walionyesha kwamba madai hayo hayana msingi. Kwa wagonjwa wake, Broca aliuliza na kungoja jibu. Kwenye mafuvu aliingia na jibu lake tayari.

Alifariki Paris tarehe 9 Julai 1880 akiwa na miaka 56, mwaka ule ule aliochaguliwa kuwa seneta wa maisha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha picha za ubongo wa Leborgne zilizopigwa kwa mashine ya kisasa. Zilionyesha kuwa jeraha liliingia ndani zaidi kuliko alivyodhani Broca, kwa hiyo kuongea kunahitaji sehemu nyingi zinazoshirikiana. Wasingelijua hilo kama angeukata ubongo ule.

Mzee wako nyumbani

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikubwa. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakitoka kombo, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe chakula wala kinywaji kabla wahudumu hawajaangalia kama anameza vizuri, maana anaweza kupaliwa.

Akisharudi nyumbani na hasemi, usimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo. Wapo ambao kiharusi huwaharibia na uwezo wa kuelewa maneno. Mjerumani Carl Wernicke aliwaeleza mwaka 1874. Lakini huwezi kujua hali ya mzee wako mpaka umjaribu. Muulize swali fupi, moja kwa wakati, ambalo anaweza kulijibu kwa kichwa au kwa vidole: ana wajukuu wangapi, anataka uji au chai. Kisha nyamaza, umpe nafasi, na utazame mkono wake.