Bwana wa Pundamilia

Walter Rothschild alizaliwa London mwaka 1868, katika jamaa ya matajiri wa benki. Akiwa na umri wa miaka saba aliwaarifu wazazi wake kwamba ataanzisha makumbusho ya wanyama. Baba yake alimjengea kweli, katika mji mdogo wa Tring, na mwaka 1892 umma ukaruhusiwa kuingia. Katika bustani ya nyumba yao waliranda kangaruu na kobe wakubwa, ambao Walter hakuona haya kuwapanda mgongoni.

Sisi tulio jirani wa pundamilia twaujua ukaidi wake. Walter, aliyefikia cheo cha Meja katika kikosi cha akiba cha wapanda farasi, aliwafunga pundamilia kwenye gari akaliendesha hadi Ikulu ya Buckingham. Hata twiga wa Murchison Falls, nchini Uganda, walipewa jina lake.

Lakini aliyewatia lijamu pundamilia alishindwa na siri. Mwanamke aliyekuwa mpenzi wake alimtoza fedha miaka mingi, akitishia kumfichua. Walter hakwenda polisi, alilipa. Mwaka 1932 mikoba yake ya ndege waliokaushwa, wapatao 280,000, iliuzwa Marekani, na sababu ilijulikana baada ya kifo chake.

Alifariki mwaka 1937, akiliachia taifa la Uingereza makumbusho yake. Bustani ya wanyama haipo tena. Pundamilia wa Tring wa leo wamekaushwa, wamesimama nyuma ya vioo.