Mikhail Koshkin: fundi wa T-34 aliyefariki mbele ya kifaru chake kuingia vitani

Majeshi ya Ujerumani yalipovamia Umoja wa Kisovieti tarehe 22 mwezi wa sita mwaka wa 1941, mizinga yao midogo ya milimita 37 ilikutana na kifaru ambacho ilikuwa inakigonga tu kwa mbele bila kukitoboa. Bamba la mbele la kifaru hicho, T-34, lilikuwa na unene wa milimita 45 peke yake. Aliyeongoza kazi ya kukitengeneza, Mikhail Koshkin, alikuwa amefariki miezi tisa mbele ya siku ile.

Koshkin alizaliwa mwaka wa 1898 katika kijiji cha Brynchagi, jimbo la Yaroslavl, Urusi. Baba yake alikufa mapema, na mtoto akaenda Moscow kutafuta kazi, akaipata kwenye kiwanda cha pipi. Alipigana vitani, kisha akasoma, na akapata diploma ya uhandisi mwaka wa 1934 mjini Leningrad, akiwa mtu mzima wa miaka 35.

Mwishoni mwa mwaka wa 1936 alitumwa Kharkov, Ukraine, kuongoza ofisi ya kuchora vifaru. Kiti hicho kilikuwa cha hatari: Afanasy Firsov, aliyemtangulia, alikamatwa na kuuawa mwaka wa 1937. Wakati huo, vita ya Hispania ilikuwa imeonyesha kwamba T-26, yenye chuma cha milimita 15, inatobolewa kwa urahisi. Wakubwa wa jeshi walitaka kifaru kinachoweza kutembea kwa magurudumu na pia kwa minyororo. Koshkin alikubali kuchora hicho, lakini akaomba ruhusa ya kutengeneza kingine cha minyororo tu, ili uzito wa mitambo ya magurudumu uingie kwenye chuma.

Chuma hicho kililazwa. Hesabu yake si ngumu: bamba la milimita 45 likisimama wima, risasi inakata milimita 45. Likilazwa nyuma nyuzi 60, risasi inayokuja sambamba na ardhi inapaswa kupita milimita 90, na mara nyingi inateleza na kuruka. T-55, mjukuu wa T-34 ambaye wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wamemuona akipita barabarani, analinda uso wake kwa njia hiyo hiyo: milimita 100 zinakuwa 200.

Lakini namba hiyo peke yake inadanganya. Bamba la T-34 lilikatwa tundu la mlango wa dereva, na hapo nguvu ilipungua. Chuma chake kilikuwa kigumu sana, hata vipande vya ndani viliweza kuruka na kujeruhi askari bila bamba kutoboka. Mzinga wa Kijerumani wa milimita 88 ulikitoboa. Kwa vifaru vya leo, vyenye matabaka ya chuma na vitu vingine ambavyo serikali zinaficha, anayepima unene kwenye picha anapata nusu ya jibu tu.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1940, vifaru viwili vya kwanza vilikuwa havijamaliza kilometa za majaribio zilizodaiwa. Koshkin akaamua viende Moscow kwa minyororo yao, zaidi ya kilometa 700 katika theluji, naye akasafiri navyo akiwa tayari anakohoa. Tarehe 17 vilionyeshwa kwa Stalin kule Kremlin, na kazi ikapata kibali. Wakati wa kurudi, kifaru kimoja kilizama majini karibu na Oryol. Koshkin alilowa akisaidia kukitoa.

Homa ya mapafu ilimshika. Madaktari walimuondoa pafu moja, lakini alifariki tarehe 26 mwezi wa tisa mwaka wa 1940, na miaka 41. Msaidizi wake, Alexander Morozov, aliendeleza kazi. Majivu ya Koshkin yaliwekwa Kharkov, na mwaka wa 1941 mabomu ya Wajerumani yakaharibu mahali hapo. Kaburi lake halipo.